Kupeleka Rangi Mbichi Karen

Haya basi, niwaambieni wote mara moja, maana nimechoka kusimulia mtu mmoja mmoja kwenye simu. Ndiyo, yule mliyemwona River Road Jumatano ya juzi akikimbia na picha kubwa kama mlango wa choo alikuwa mimi. Hapana, sikuwa nimeiiba. Na wewe Kioko, uliyekuwa ng'ambo ya barabara ukacheka badala ya kuja kunisaidia, Mungu anakuona.

Mambo ya pasipoti, tikiti na barua za hospitali siyajui, hayo waulizeni wenyewe. Mimi nitawaambia njia tu.

Lakini kwanza mjue nilikuwa nampelekea nani. Mnakumbuka zamani nilikuwa nachora kuta: vichwa vya vinyozi, ng'ombe wa buchari, sahani za pilau ambazo hoteli yenyewe haikuwahi kupika. Halafu siku moja jukwaa likavunjika nikiwa ghorofa ya tatu. Nililala wodini miezi mitatu, mbavu zimevunjika, na homa ya mapafu ikaingia juu yake. Usiku mmoja nesi wa zamu, Sista Muthoni, alisukuma kitanda changu hadi dirishani. Kulipokucha nilifungua macho nikaona mjakaranda umechanua wote, zambarau tupu, hauna nafasi ya jani. Mimi nimezaliwa na kukulia Nairobi hii, nimekanyaga maua ya mijakaranda tangu nikiwa mtoto, lakini nawaapia, huo ndio ulikuwa wa kwanza kuuona. Nililala nikiutazama wiki baada ya wiki, na nikaanza kutaka kuishi.

Nilipotoka sikurudi kwenye kuta. Nachora miti, mito, majani ya ndizi baada ya mvua, na kila nikishika brashi moyoni nasema asante. Siku ya kuruhusiwa nilimwahidi Sista Muthoni kwamba nitamchorea mti ule. Miaka sita ikapita. Kila nikiuchora naona si wenyewe, naufuta. Mwaka huu ndio nilipata mmoja wa kuridhisha, nikaupeleka kwa fundi wa fremu mjini, nikakaa na raha zangu.

Sasa Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Ni Nyambura, bintiye Sista.

"Mutua, mama amekataa."

Nilijua ni nini. Siku hiyo ndiyo walikuwa waondoke kwenda India, mama akafanyiwe upasuaji wa moyo.

"Amekataa vipi?"

"Ameniambia nifungue masanduku nirudishe nguo kabatini. Anasema amekuwa nesi miaka thelathini, anajua macho ya mtu ambaye harudi, na leo asubuhi ameyaona kwenye kioo." Nikasikia anavuta kamasi. "Gari inafaa kutoka hapa saa nane. Ile picha yake, iko?"

"Iko."

"Basi ilete. Sijui kama itasaidia, lakini mimi nimemaliza maneno yote."

Kitisuru hadi Westlands, mbele na nyuma

Nakaa Kitisuru kwa matajiri, lakini msidhani nimeomoka. Nakaa kile chumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba ya bwana mmoja aliye ng'ambo, namtunzia bustani, naye ananiachia nichore. Kutoka hapo hadi mjini, kisha hadi Karen, siku ya kawaida ningefika kabla ya saa tano na kuomba chai. Siku hiyo matatu zilikuwa zimegoma. Ni haya mambo ya serikali kuzilazimisha zifunge mikanda ya viti na kupaka mstari wa manjano, mnayajua. Barabara nzima ilikuwa watu wanatembea makundi makundi kama wanaotoka krusedi ya injili, na mimi katikati yao nikihesabu saa.

Nimefika kwenye mteremko wa mtoni, gari jeupe likasimama kando yangu. Mama mmoja akashusha kioo.

"Wewe ndiye fundi?"

Jamani, mimi kila mtu huniita fundi. Nikafikiri labda tumewahi kuonana kwenye maonyesho fulani. Nikasema, "Ndiyo, mama," nikaingia nikiona Mungu ameanza kazi mapema. Mama akageuza gari, akaanza kupanda kule nilikotoka.

"Mama, mbona tunarudi?"

"Si jikoni kwangu maji yanamwagika tangu jana? Ama unataka kuanzia wapi?"

Nilimweleza kwamba mimi ni fundi wa rangi, tena rangi ya picha. Hakuniamini hata kidogo. "Nyinyi watu mkiona kazi ni kubwa mnaanza stori," akasema, akakanyaga mafuta. Nikamwambia kuna mtu anakufa. Akasema hata fundi aliyepita alikuwa amefiwa. Tulifika getini kwake tukamkuta fundi mwenyewe wa mabomba amesimama na spana mkononi, anamlaumu soja wa geti kwa kumchelewesha.

Yule mama alinitazama, akaufunika mdomo kwa kiganja. Hakusema pole. Aligeuza gari tena akanipeleka hadi Westlands, akaendesha kama anayekimbiza mjamzito leba, na niliposhuka akanisukumia ndizi mbili dirishani. Nilizila nikitembea. Saa yangu ilisema saa mbili na dakika arobaini.

Westlands hadi River Road

Mabwana wa ofisi za Westlands walikuwa wanapanda kuelekea huku, mimi nateremka kuelekea mjini. Mama mmoja mwenye suti alikuwa amebeba viatu vyake vya visigino mkononi na kuvaa malapa, anatembea kwa heshima zake zote. Siku nyingine ningesimama nimchore.

Nilifika pale Museum Hill penye mijakaranda. Mnajua mimi hapo huwa sipiti hivi hivi. Huwa nasimama, natazama, hata kama hakuna ua hata moja, nasema asante yangu ya kimya halafu naendelea. Siku hiyo nilipita nimeinamisha kichwa. Niliogopa. Kitu kilikuwa kinaniambia kwamba Sista Muthoni hajawahi kukosea, kwamba kama amesema ameyaona macho, ameyaona. Nikaongeza mwendo ili nisisikie.

Saa nne kasoro nilikuwa River Road, mbele ya duka la Otieno, fundi wangu wa fremu. Kufuli mlangoni, tena kufuli kubwa. Nikampigia.

"Oti, uko wapi?"

"Niko njiani, bro. Natembea. Nimetoka Dandora saa moja."

"Uko wapi njiani?"

"Nakuja."

Mtu wa Nairobi akikwambia "nakuja" bila kutaja mahali, tafuta pa kukaa. Niliingia hoteli iliyo kando nikaagiza chai na mandazi. Mwenye hoteli aliniona nikitazama saa kila mara nikitafuna, akaniuliza kama nina kesi kortini. Nilimwambia ningependelea kesi. Mandazi yalikuwa matamu, lakini niliacha moja sahanini.

Otieno alifika saa tano na dakika kumi, vumbi hadi kwenye nyusi. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Alifungua duka, na picha yangu ilikuwa pale ukutani, imekauka vizuri, na haina fremu.

"Oti!"

"Fremu ni ya kukata tu. Dakika ishirini, Mutua, nakuapia. Kaa hapo."

Ningekaa nikafunga macho, haya mengine yote yasingetokea. Lakini mimi nilikaa nikiitazama picha, na kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyoona kasoro. Ule mti ulikuwa umesimama tu. Ulikuwa safi, umenyooka, kama miti niliyokuwa nachora zamani kwenye ukuta wa shule ya nasari. Maua yalikuwa yamepangwa. Nilifikiria Sista Muthoni akiutazama mti huu uliokufa, halafu atazame kioo, halafu aseme, mnaona, nilisema.

Mfuko wangu huwa una rangi na brashi, hamjawahi kuniona bila mfuko. Nilifungua.

"Mutua, unafanya nini?" Otieno akauliza, msumeno mkononi.

"Kidogo tu."

"Hiyo ni rangi ya mafuta, wewe! Itakauka lini?"

Nilikamua zambarau yote, nikaipaka nene kwa kisu na vidole, nikakoroga nyeupe na kijani kibichi chini yake pale majani yanapoanza kuchungulia. Mara mti ukaanza kupumua. Sijawahi kuchora hivyo maishani. Niliposhtuka Otieno alikuwa ameshapigilia fremu kwa mbele huku na mimi nachora katikati, tukipigana viwiko, na saa ilisema saa sita na robo.

Mti ulikuwa wenyewe sasa, lakini wote ulikuwa mbichi, na rangi ya aina hiyo hukaa wiki mbili ikiwa mbichi. Huwezi kuifunika wala kuilaza.

"Wewe ni mgonjwa wa akili," Otieno akaniambia, na akanifungia waya wa kushikia nyuma ya fremu.

River Road hadi Ngong Road, mbio

Teksi tatu zilinikataa. Dereva wa kwanza aliona picha akafunga milango yote kwa ndani. Wa pili akasema viti vyake ni vipya. Wa tatu alikubali kisha akanyoosha mkono aone kama ni mbichi kweli, nikampigia kelele, akakasirika akaenda zake. Basi nikaibeba, uso wa picha mbele, mimi nyuma yake nikichungulia kwa pembeni.

Nilikuwa sijapita hata maduka kumi wachuuzi walipopiga mbinja. "Wamekuja! Wamekuja!" Yaani askari wa jiji, wanaokamata wachuuzi. Mara turubai zote zilikunjwa, soksi, nyanya, vitana, vyote vikapaa, na watu wote wakaanza kukimbia. Na mimi nikakimbia. Msiniulize kwa nini. Nilikuwa nimebeba kitu, kila aliyebeba kitu anakimbia, miguu ikaamua. Hapo ndipo Kioko aliponiona. Upepo uliikamata picha ukanivuta pembeni, nikaona mgongo wa mtu mwenye shati jeupe umebaki upana wa kiganja kutoka kwenye maua yangu. Nikajipinda, nikagonga nguzo kwa bega, picha ikapona.

Mama muuza soksi alinivuta mlangoni mwa duka la dawa.

"Wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, mathe. Napelekea mgonjwa."

"Sasa unakimbia nini?"

"Si nyinyi mnakimbia!"

Alicheka hadi akakaa juu ya soksi zake. Kisha akaitazama picha, akaacha kucheka. "Ngai! Hii ni poa sana," akasema, na kidole chake kikaanza kwenda mbele polepole. Nilipiga ukelele, "Usiguse!" hadi mtu wa duka la dawa akatoka nje na kipimo cha dawa mkononi. Yule mama aliuficha mkono mgongoni kama msichana wa shule. Nilimwomba msamaha, na nilikuwa namaanisha.

Nilivuka Uhuru Highway matone yakianza kudondoka. Mzee mmoja mpole, mwenye kofia, akakunjua gazeti lake akaja mbio kuifunika picha. Sijui kama mmewahi kukaribia kumpiga mtu kwa sababu anakutendea wema.

"Mzee, hapana! Ondoa gazeti!"

"Inanyeshewa, kijana!"

"Mvua haina shida! Hii ni mafuta, maji yanateleza! Gazeti ndilo litaiua!"

Alinitazama, akaitazama picha, akaitazama mvua. Akaondoka akitikisa kichwa, na gazeti akajifunika mwenyewe. Saa ilikuwa saba kasoro dakika kumi, na mimi bado niko chini ya kilima cha kwenda Ngong Road, Karen iko maili na maili. Hapo nilitaka kulia, nawaambia ukweli. Nilijiona nikifika saa kumi na picha nzuri kwenye nyumba ambayo masanduku yameshafunguliwa.

Ngong Road, nyuma ya pikapu

Pikapu ilinipita, ikapunguza mwendo, ikarudi nyuma. Ndani kulikuwa na mama mnene mwenye kitambaa cha manjano kichwani. Nyuma alikuwa amejaza miche ya miti na magunia ya mbolea ya ng'ombe.

"Huo ni mjakaranda," akasema, kana kwamba nilikuwa nabisha.

"Ndiyo, mama. Unaenda wapi?"

"Karen. Nauza miche kando ya barabara kule. Panda nyuma, huku mbele utanipaka."

Anaitwa Mama Wairimu. Nilikaa juu ya gunia la mbolea, picha magotini imetazama angani, miche ikinipapasa masikio. Alikuwa amefungua kidirisha cha nyuma ili tuongee, akageuza kichwa kila mara hadi nikamwomba atazame barabara. Tulikwenda vizuri dakika kumi, kisha tukakwama. Lori lilikuwa limeharibika mbele, na msururu haukuonekana mwisho. Saa saba na dakika ishirini.

Nyuki akaja. Sijui alitoka wapi, katikati ya moshi wa malori. Alizunguka picha mara mbili, akatua juu ya ua nene kabisa, akanasa. Nilimtazama akivuta mguu mmoja mmoja, siwezi kumsaidia, mikono yote miwili imeshika fremu. Nikaanza kumpuliza taratibu. Aliponasuka aliacha mistari midogo kwenye zambarau, akaruka na rangi miguuni.

Mama Wairimu alikuwa ananunua mahindi ya kuchoma kando ya barabara. Akavunja lake nusu, akanyoosha mkono kupitia kidirisha.

"Siwezi kushika, mama."

"Fungua mdomo basi."

Akanilisha. Mtu ambaye simjui, ananilisha mahindi ya ndimu na pilipili punje kwa punje kwenye foleni, na mimi mtu mzima nimefungua mdomo kama kifaranga. Nikamweleza habari yote, ya wodi, ya Sista, ya kioo.

Alitupa gunzi dirishani. "Usiende kumwambia asiogope," akasema. "Mume wangu nilimwambia asiogope. Alinyamaza kabisa, hakuniambia kitu tena mpaka akaenda. Wewe mpe picha, halafu umsikize."

Kisha akatazama foleni, akatazama ukingo wa barabara, akasema "Shika mti wako," na akapanda kwenye njia ya miguu. Tulipita nje ya lami kwa mwendo ambao siwezi kuwaeleza, tukitukanwa na waendesha baiskeli, vumbi na mbolea vikiruka, na mimi nimeinama juu ya picha nikiikinga kwa mgongo wangu.

Karen

Alinishusha getini saa nane kasoro dakika ishirini na mbili. Ni nyumba ya Nyambura na mumewe, Sista amekaa nao tangu moyo uanze kusumbua. Magari yalikuwa yamejaa uani. Nyambura akatoka mbio, macho mekundu.

"Yuko chumbani, amefunga mlango. Watu wa kanisa wako hapa tangu asubuhi, wanaomba tu."

"Iko mbichi," nikamwambia. "Nyambura, rangi bado mbichi, unasikia?"

"Nasikia," akasema, na akarudi mbio kugonga mlango wa mamake.

Kosa langu ni hilo. Nilimwambia yeye peke yake.

Niliingia sebuleni. Walikuwa watu kama kumi na wawili, kina mama wa kanisa, wazee wawili, na Pasta mwenye miwani. Nilisimamisha picha kwenye kochi. Chumba kizima kilisema "Haiya!" kwa sauti moja. Mimi tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai na sijapata pa kuviweka. Nikamwuliza mama mmoja choo kiko wapi, nikakimbia.

Niko chooni nikasikia Pasta akisema kwa ile sauti, "Wapendwa, ndugu yetu ameleta sadaka ya shukrani. Kabla haijaingia kwa mama yetu, tusogee."

Mnajua sisi watu wa makanisa haya. Mtu akinunua gari, tunaliwekea mikono. Mtoto akienda kufanya mtihani, tunaiwekea mikono kalamu yake. Nilijua kinachokuja kabla hakijaja.

"Tunyooshe mikono yetu, tuiguse."

Nilitoka chooni zipu ikiwa wazi. "Hapana!" nikapiga kelele. "Pasta, hapana! Ni mbi..." Lakini walikuwa wameshafumba macho, na maombi ya watu kumi na wawili wanaoomba kwa pamoja hayakatizwi na mtu mmoja. Mikono yote ilikuwa juu ya mti wangu. Ilikuwa imebonyeza, inatetemeka kwa imani. Mama mmoja alikuwa anausugua kama anayepaka mgonjwa mafuta.

"Amina," wakasema. Kisha wakafungua macho wakajitazama viganja.

Sijui nani alianza kulia na nani alianza kuita Yesu. Pasta alishika miwani yake kwa mshtuko, ikawa zambarau. Mzee mmoja alijifuta kwenye suruali, kisha kwenye kochi, mambo yakazidi. Mimi nilikaa chini sakafuni. Miaka sita, na siku nzima hii, na sasa hakuna mti tena, kuna mikono tu, viganja na vidole vilivyopigwa kila mahali. Nilisikia machozi yananitoka wala sikuyazuia.

"Kuna nini hapa?"

Sista Muthoni alikuwa amesimama mlangoni, sweta begani na leso kiunoni. Alikuwa amekonda, siku hizi shingo yake ni nyembamba. Aliwatazama watu wa kanisa lake, wote wameinua mikono juu kama walioporwa. Akamtazama Pasta. Akaanza kucheka. Alishika mlango, akacheka hadi Nyambura akamshika kiuno, na Nyambura mwenyewe alikuwa analia na kucheka.

Mimi sikucheka. "Sista, ulikuwa mti wako," nikasema. "Ule ambao ulinisogeza dirishani niuone. Uliniponya. Nilitaka uuone kabla hujaamua."

Akaacha kucheka. Alikuja polepole akakaa kwenye kiti kilicho karibu nami.

"Mutua. Nani alikwambia nilikusogeza uone mti?"

"Si ulinisogeza?"

"Kile kitanda cha dirishani kilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Pale tulikuwa tunawaweka wale tuliojua hawafiki asubuhi, ili wakitolewa wengine wasishtuke." Alikuwa anaongea polepole, kama anayetoa kitu alichokificha miaka mingi. "Wewe nilikuwa nimekukatia tamaa, mwanangu. Nilikuombea, nikaenda kunywa chai. Nilirudi alfajiri na shuka la kukufunika uso, nikakuta umefungua macho unaniuliza ule ni mti gani."

Mimi nilisikia baridi hadi kwenye kucha. Miaka sita nimeshukuru kwa kitanda cha maiti.

"Ulikuwa na hakika?" nikamwuliza.

"Kama ninavyokuona hapo."

"Hakika kama ya leo asubuhi, kwenye kioo?"

Akaanza kukunja pindo la leso yake.

"Basi ulikosea!" Nilikuwa nimesimama, napiga kelele katika nyumba ya watu, na Mama Wairimu alinikataza, lakini sikuweza. "Ulikosea, Sista! Mimi niko hapa! Nimekula mahindi leo! Ulikosea, na pengine unakosea tena!"

Pasta akafungua mdomo aseme amina, Nyambura akamtolea jicho, akaufunga. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro tano.

"Nyambura," Sista akasema, "kuna mafuta taa humu ndani?"

"Yapo, mama. Ya taa, stima ikipotea."

"Lete, na pamba. Hawa watu watashika kila mlango."

Akawapanga mstari, wazee kwa kina mama, kama foleni ya chanjo. Akawafuta mmoja mmoja, katikati ya vidole, akiwagombeza wasigusane. Mimi nilikuwa wa mwisho. Alinishika mkono, akaugeuza, akasema kucha gani hizi za mtu mzima. Nilimshika na mkono ule mwingine, mchafu, naye hakuuondoa.

"Naogopa, Mutua," akasema, kwa sauti ya chini ambayo ni mimi tu niliyeisikia.

Safari hii nilinyamaza, nikamsikiliza.

Kisha akasimama. "Yale masanduku umefungua?"

"Hapana, mama," Nyambura akasema. "Niliogopa."

"Vizuri. Waambie watoe gari."

Kurudi

Nilirudi Kitisuru usiku kwa miguu nusu na kwa lori la maziwa nusu, picha nimeibeba, hakuna aliyethubutu kuigusa kwa sababu ilionekana kama imeshaguswa na kila mtu. Iko hapa ukutani inakauka. Sijatia brashi.

Siku sita sikusikia kitu. Sikuchora. Nilimwagilia bustani ya bwana hadi majirani wakadhani nimepata wazimu wa maji. Jana jioni Nyambura akapiga simu. Mama amefanyiwa upasuaji, ameamka. Alipofungua macho alitazama chumba chote, kisha akawaambia manesi wa kule kwamba shuka halikunjwi hivyo, akataka kuinuka awaonyeshe.

Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, sikujali. Jirani wa nyumba ya pili akaja mbio na tochi, akanishika bega, akaniuliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna. Hakuna mtu aliyekufa.